Vijana wa Mbulu na Hanang Wasomao Ng'ambo



Wazazi watujiao baada ya sala ya Ijumaa hutuuliza suala lile lile: "Maalim, kijana wangu ameandikiwa kuwa amekubaliwa Misri. Je, atalala wapi, atakula nini, na akiugua ni nani atakayempa maji?" Suala hili ni la haki kabisa. Katika wilaya zetu hizi za Mbulu na Hanang Waislamu si wengi, na nyumba nyingi hazijapata kumtoa hata mtu mmoja akavuka bahari kwenda kusoma. Watu wa Tanga na Unguja wana bahati: mzazi wa huko akitaka kujua khabari za Misri au Madina hubisha hodi kwa jirani. Huku kwetu mlimani baba huuza ng'ombe wake wawili, akampa kijana nauli, kisha hubaki kumwombea dua na hali hajui hata jina la mtaa atakaolala mwanawe. Kwa ajili ya mzazi huyo twaandika haya. Elimu yetu sisi ni ya chuo cha Qur'ani na shule ya msingi. Tuyaelezayo tumeyapokea kwa wanafunzi waliopita mikononi mwetu, ambao hutukalia barazani wajapo likizo, au hutupigia simu usiku watu wakisha lala.

Kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alifika Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka. Mwenziwe, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut. Hao walikuwa watu wa jahazi na meli. Wazee wetu wa huku, Kondoa ndiyo iliyokuwa ng'ambo yao, na aliyefika Tanga au Lamu alirudi akitazamwa kama aliyetoka Hijja.

Leo njia za vijana wetu ni tatu hasa: Azhar ya Kairo, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoanzishwa mwaka 1961, na Khartoum, ambayo khabari yake tutaieleza mbele.

Azhar imesimama tangu karne ya 10. Zamani mwanafunzi mgeni alilala ndani ya msikiti wenyewe, katika riwaqi ya watu wa nchi yake, akapewa mikate kila siku kuwa ndiyo posho yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri iliwajengea wageni mji wao wa mabweni, uitwao Madinat al-Bu'uth al-Islamiyya. Mwenye kupata nafasi humo ameneemeka, kwani atalala, atakula na kupewa posho kidogo. Lakini si kila mtu huipata. Wengine hupanga vyumba katika mitaa ya Madinat Nasr, wanne au watano katika chumba kimoja, kila mmoja na zamu yake ya kupika na kufagia. Mzazi asishituke akisikia hivyo. Kijana aliyekwisha kulala bweni la shule ya sekondari Tanzania hataona ajabu kubwa. Lifaalo kuulizwa ni jambo jingine: chumba hicho ana nani na nani? Wenziwe wakiwa watu wa sala na kitabu, chumba kibovu ni neema. Wakiwa watu wa kulala mchana na kukesha na simu, hata kasri haitamfaa.

Madina mambo ni mepesi zaidi kwa upande wa mali. Mwanafunzi hupewa bweni, hupewa fedha ya kila mwezi iitwayo mukafaa, na kila mwaka hupewa tiketi ya kurudi kwao. Asiyejua Kiarabu huanza na mafunzo ya lugha kabla ya kuingia katika masomo yenyewe. Shida yake ni joto. Kijana aliyezoea baridi ya Mbulu ya mwezi wa Juni, avaaye sweta hata mchana, akifika Madina katika kiangazi hukuta joto limepita nyuzi 40. Wa Kairo huona kinyume: mwezi wa Januari, wakati sisi tunaota jua, wao hutetemeka usiku. Mmoja alitwambia kuwa blanketi alilofungiwa na mama yake Dongobesh, ambalo aliona haya kulibeba uwanja wa ndege, ndilo lililokuwa likiombwa na chumba kizima.

Sasa tuseme juu ya lugha, na hapa tuna la kujivunia kidogo. Watu wa pwani hutudhania sisi wa bara kuwa wazito wa ulimi katika Qur'ani. Laiti wangesikia watoto wa Kiiraqw! Mtoto wa Kiswahili hufundishwa 'ayn mwaka mzima, na bado humtoka kama alif. Ha ya kooni akaifanya ha mdawari. Lakini lugha ya Kiiraqw ina 'ayn yake yenyewe, ambayo wao huiandika kwa mshazari, na ina ha ya kooni, ambayo huiandika kwa h mbili kama katika jina la Hhando. Qaf nayo imo katika jina la kabila lenyewe. Mtoto huyo huja chuoni amekwisha kufundishwa na mama yake makhraji ambayo wengine huyatafuta kwa jasho. Makosa yake huwa kwingine, katika kuvuta na kufupisha, lakini koo lake ni tayari.

Basi fikirini kijana wa namna hii afikapo Kairo na qaf yake safi. Aliingia dukani akaomba "qahwa", na mwenye duka akacheka, kwani watu wa Kairo husema "ahwa". Jim yao ni ga. Darasani walimu husema Kiarabu fasihi, nacho kijana anakifahamu. Sokoni na ndani ya basi husemwa ammiyya, nayo haimo katika kitabu hata kimoja alichosoma kwetu. Wengi hutwambia kuwa miezi sita ya kwanza walikuwa kama mabubu. Ajuaye jambo hili mapema hatavunjika moyo. Tena kuna khabari ya saa. Kijana mwingine aliambiwa darsa ni saa nane, akahesabu kwa Kiswahili, akafika adhuhuri imekwisha pita. Kumbe wenziwe walikwisha kusoma asubuhi.

Chakula chao cha asubuhi ni ful, yaani maharage ya baqila yaliyopikwa usiku kucha, pamoja na mkate. Ni chakula kizuri, chenye kushiba. Lakini tumbo lina kwao. Ndiyo maana utaona sanduku la mwanafunzi wa Hanang lina vitabu juu, na chini yake unga wa mahindi na mwiko wa kusongea. Siku ya Ijumaa hukutana Watanzania, wa Kigoma, wa Pemba, wa Mbulu, husonga ugali na kuzungumza Kiswahili hata wakachoka. Katika Ramadhani Wamisri huweka meza za futari barabarani kwa kila mpita njia, bila ya kuuliza jina wala kabila, na mwanafunzi maskini mwezi huo huwa hana wasiwasi wa jioni. Funga yenyewe ni nzito ikiangukia kiangazi, kwani huko mchana hurefuka hata kufika saa 16 toka alfajiri mpaka magharibi, na sisi huku saa zetu hazizidi 14 kwa mwaka mzima.

Mkate Misri huitwa "aish", neno ambalo asili yake ni uhai. Mtoto wa mkulima wa ngano wa Basotu akiyaona mambo ya mkate Kairo huelewa thamani ya shamba la baba yake. Kwa zaidi ya miaka 30 mkate wa serikali uliuzwa piasta 5. Mwezi wa Juni 2024 ukapandishwa hata piasta 20. Mkate huo ni wa raia wenye kadi, mgeni hununua kwa bei ya soko. Na miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2024, pauni ya Misri iliporomoka: dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa pauni 31 hivi ikafika karibu na 50. Mwenye kutegemea posho ya pauni aliona fedha yake imeyeyuka mkononi. Twawaomba wazazi watie jambo hili moyoni. Kijana akisema fedha ya mwaka jana haitoshi mwaka huu, msimwite mbadhirifu kabla ya kumwuliza bei ya mchele.

Sasa tufike kwenye mwaka 2023, mwaka ambao sisi wa pande hizi hatutausahau.

Khartoum kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kilianza mwaka 1977 kikiwa Kituo cha Kiislamu cha Afrika. Kwa miaka mingi kilipokea watoto wa masikini wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vililipuka katikati ya mji. Wanafunzi walifungiwa mabwenini, maji na chakula vikapungua, mizinga ikasikika mchana na usiku. Huku nyumbani wazazi walisali sala ya Idi na simu zikiwa mifukoni, wakingoja zilie. Serikali ya Tanzania iliwatoa watu wake wapatao 200, wengi wao wakiwa wanafunzi, kwa mabasi mpaka mpaka wa Ethiopia, kisha kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kabla ya Aprili kwisha. Walirudi na nguo walizovaa. Vyeti na vitabu vya wengi vilibaki huko.

Halafu mwaka ule ule mambo yakageuka. Jumapili tarehe 3 Desemba mvua kubwa ilinyesha, na matope, mawe na magogo yakateremka kutoka Mlima Hanang, yakafukia nyumba Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Safari hii waliokuwa salama ni wale wa ng'ambo, na waliokuwa katika khatari ni sisi. Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa Kairo aliona picha ya soko la Katesh katika simu ya Mmisri, akatambua bango la duka la ami yake likiwa limezama nusu. Alipiga simu nyumbani tangu adhuhuri mpaka usiku, haikuitika. Wenziwe walikaa naye wakamsomea Yasini. Alfajiri ndipo dada yake alipopata umeme wa kutilia simu, akamjibu.

Jambo hili latuletea neno ambalo tumetaka kulisema kwa muda mrefu. Kuna mazoea ya kufichana. Kijana ana njaa, akiulizwa husema, "Alhamdulillahi, mzee, niko salama." Mama ni mgonjwa, naye akiulizwa husema, "Sisi wazima, soma tu mwanangu." Wote wawili hufanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo yaweza kuleta ubaya mkubwa. Twamjua kijana aliyefiwa na baba yake, ndugu wakakubaliana kumficha mpaka amalize mitihani. Ikapita miezi mitatu. Siku moja mtu wa mbali, asiyejua shauri lile, alimletea taazia katika simu. Mitihani alikwisha kuifanya na kuifaulu, lakini tangu siku hiyo, kila apigiwapo simu na nyumbani, huuliza: "Na mnanificha nini leo?" Sisi twaona kufiwa ni haki ya mfiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi ana rukhsa ya kumsalia mzazi wake sala ya maiti asiyekuwapo. Kwa nini anyimwe? Aambiwe, na aambiwe na mtu wa karibu, kwa sauti wala si kwa maandishi, na kwanza atafutwe mwenziwe wa chumbani awe karibu naye. Na wewe kijana, ukiwa huna chakula mwambie baba yako huna. Akiwa hana cha kukupa atakupa dua na shauri, na jamaa msikitini tutachanga.

Mabinti je? Azhar ina vitivo vya wanawake tangu miaka ya 1960, na wasichana wa Kitanzania wamesoma huko. Mzazi atazame sharti za makazi yao na nani ataongozana naye safarini. Zikitimia, hatuoni sababu ya kumzuia binti mwenye akili na kumpeleka kaka yake asiyependa kitabu.

Mwisho ni karatasi, ambazo zimewarudisha wengi njiani kuliko umasikini. Kijana asiondoke kabla ya kumaliza sekondari na kuwa na cheti cha Baraza la Mitihani mkononi. Tumeona waliokwenda na cheti cha madrasa peke yake, wakarudi baada ya miaka mingi na elimu nyingi, wakashindwa kuajiriwa hata kufundisha darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, na majina yawe sawa herufi kwa herufi na yale ya pasi, kwani Hhando wa cheti kimoja na Hando wa cheti kingine kwa karani ni watu wawili. Vyeti vifasiriwe kwa Kiarabu na kupigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje. Chuo kiulizwe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada yake hutambuliwa nchini. Na nakala za vyote zibaki nyumbani kwa mama, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya dari ambapo mvua haifiki. Waliotoka Khartoum wanajua kwa nini.