Mtoto Aliyekosekana Siku ya Kupimwa

Ripoti ya mradi wa elimu ikisema alama zimepanda, kwanza natafuta idadi ya watoto waliopimwa mwanzo na ya waliopimwa mwisho. Mara nyingi kasoro huwa hapo.

Tuseme ni shule ya kusini mwa Kitui, upande wa Mutha. Februari watoto 40 wanapimwa kusoma. Oktoba mvua za vuli bado, mto umebaki mchanga mtupu, na watoto kadhaa wako kwenye foleni ya kisima tangu alfajiri, na punda na mitungi yao. Wanapimwa 30. Ikiwa hao 30 walikuwa na wastani wa alama 50 na wale 10 waliokosekana wastani wa 20, wastani wa Februari ulikuwa 42.5. Oktoba utasomeka 50 bila mtoto hata mmoja kupiga hatua.

Shule za kulinganisha husaidia, ila si kila mara. Mradi ukigawa uji, watoto walio nyuma kimasomo wanabaki darasani katika shule zake na kutoweka katika zile nyingine. Wastani wa shule za uji unashuka, na mradi uliofanya kazi njema unahukumiwa kuwa haufai. Kosa hili linaniuma kuliko lile la kusifu mradi mbovu, maana hapa mtoto ananyang'anywa kikombe.

Uteuzi wa shule nao una mitego yake. Ukilinganisha shule za Emali na Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, na za Mutha, umepima barabara. Mtafiti Paul Glewwe na wenzake walilionyesha hili huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa 2004. Shule zilizokuwa tayari na chati za kufundishia zilipolinganishwa na zisizo nazo, chati zilionekana kuinua alama. Shule 178 zilipochukuliwa, nusu yake ikapewa chati kwa bahati nasibu, faida hiyo haikuonekana.

Tathmini ya Uwezo, iliyoanza 2009, ilipima watoto wa miaka 6 hadi 16 nyumbani kwao, kwa hiyo hata asiyeenda shule alifikiwa. Watafiti wa miradi waige hilo: orodha ya Februari isibadilishwe, na bajeti itenge nauli ya bodaboda ili mpimaji, akiongozwa na mzee wa kijiji, awafuate waliokosekana. Wasipofikika wote kumi, wachaguliwe watano kwa bahati nasibu, watafutwe mpaka wapatikane, na alama za kila mmoja zihesabiwe mara mbili.