Glavu za raba hazitoshi kwa mwosha magari

WENGI wanaoosha magari kwa mashine za maji ya kasi huvaa glavu za ngozi au za raba ya kawaida. Ngozi hunyonya kemikali na kuishikilia mkononi, ilhali mafuta na petroli hulainisha raba hadi ikapasuka. Anayeondoa grisi kwenye injini anafaa kununua glavu za naitrili, ndefu kupita kifundo cha mkono, zenye alama ya chupa ya maabara na nambari EN ISO 374.

Hata hivyo, glavu hizo hazizuii maji yenyewe. Mashine nyingi huyasukuma kwa shinikizo linalozidi mara 100 lile la hewa. Yakipenya mkononi, jeraha huonekana dogo kama tundu la sindano, kumbe uchafu umekwisha kuzama nyamani. Majeruhi apelekwe hospitalini mara moja, hata asipohisi maumivu.