Kompyuta ya Kantini Ilipopoteza Mwendo

Mara nyingi tumeulizwa na askari wetu wa jeshi na polisi, hasa vijana wakaao kambini, kwa nini mchezo wa kompyuta uliokuwa ukienda barabara mwezi uliopita sasa wakwama-kwama kama lori lililotiwa maji ndani ya petroli. Swali hilo si la upuuzi. Askari aliyemaliza zamu yake anastahili kujiburudisha, na mtambo wenyewe aghalabu umenunuliwa kwa jasho lake. Tena michezo hii si migeni kwa majeshi: mwaka 1996 wanamaji wa Marekani waliugeuza mchezo uitwao Doom II uwe chombo cha kufundishia vikundi vya askari wanne wanne namna ya kusaidiana vitani.

Tutaeleza jambo hili kwa kisa tulichokishuhudia katika kambi moja tuliyoizuru. Kompyuta ya kantini ya hapo ilinunuliwa kwa mchango wa askari wenyewe, na kila jioni platuni hii hushindana na ile katika mpira wa miguu wa kwenye skrini. Miezi ikapita, mchezo ukaanza kuzorota. Kipa alirukia mpira uliokwisha kutua wavuni. Mshambuliaji aliganda mguu ukiwa hewani. Ndipo maneno yalipoanza kuzunguka. Ilisemwa kwamba sajini ashikaye ufunguo wa kantini ameng'oa vifaa vizuri vya kompyuta, akaviuza mjini na kupachika vibovu. Wakati huo huo wengine walikwisha kuanza kuchanga fedha za kununua kadi mpya ya michoro, maana fundi mmoja wa mjini alikuwa ametamka, bila hata kulifungua sanduku, kwamba hiyo ndiyo dawa pekee.

Basi palikuwa na hatari mbili: fedha za watu kupotea, na jina la mtu mwenye utumishi wa miaka mingi kuchafuliwa. Koplo mmoja wa kikosi cha mawasiliano aliomba kwa afande wake apewe jioni mbili tu. Akaruhusiwa, nasi tukaketi kando yake.

Alianza na tuhuma ya sajini. Alibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha liitwalo Task Manager, ambalo limo katika kila kompyuta itumiayo Windows. Katika sehemu yake ionyeshayo utendaji wa mtambo huandikwa jina la prosesa, kiasi cha kumbukumbu na jina la kadi ya michoro. Koplo akaomba risiti ya dukani, akalinganisha. Kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 8, kama risiti ilivyosema. Kadi ilikuwa ile ile, na prosesa ile ile. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano, nasi tulistaajabu kwamba miongoni mwa watu waliofunzwa kutafuta ushahidi hakuna aliyefikiri kuifanya kabla ya kunong'ona.

Hapa tueleze kidogo namna mchezo unavyokwenda. Kompyuta huchora picha moja baada ya nyingine, haraka mno hata jicho hudhani kwamba ni mwendo mmoja. Mchezo ukienda kwa picha 60 katika kila sekunde, basi kila picha yapaswa kuwa tayari katika muda usiozidi sehemu 17 za elfu moja za sekunde. Prosesa hutoa amri, kadi ya michoro huchora, kumbukumbu ni meza ambapo vitu vya kazi vimetandazwa, na diski ndiyo ghala. Mmoja wao akichelewa, wote hungoja. Na meza ikijaa, kompyuta hulazimika kukimbilia ghalani mara kwa mara. Ikiwa diski ni ya zile za zamani zenye sahani zizungukazo, safari hizo ni ndefu sana, na mchezaji huona mchezo ukiganda ghafula kisha ukaendelea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama wakati ambapo uzito unatokea. Katika kompyuta ya kantini, robo saa ya kwanza ilikuwa ya kuvumilika, kisha mambo yakaharibika. Dalili hiyo huelekeza kwenye joto. Prosesa nyingi za siku hizi, zikikaribia digrii 95 au 100 za Selsiasi, hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Sanduku likazimwa, waya wa umeme ukachomolewa, ubao wa pembeni ukafunguliwa. Tulichokiona kilitosha kujaza kofia: vumbi jekundu la uwanja wa gwaride lilikuwa limeshikamana na mabapa ya kupozea hata hewa haikuweza kupita. Lilitolewa kwa brashi laini, feni zikishikwa kwa kidole zisizunguke ovyo. Mmoja alishauri iletwe pampu ya hewa kutoka gereji ya magari, koplo akakataa, kwa kuwa pampu za namna hiyo aghalabu hurusha matone ya maji na mafuta pamoja na hewa.

Mchezo ulipata nafuu, lakini haukupona. Ndipo koplo alipofanya jaribio ambalo kila askari mwenye kompyuta anaweza kulifanya bila gharama yoyote. Aliingia katika mipangilio ya mchezo, akapunguza ukubwa na urembo wa picha hadi chini kabisa. Kama kosa lingekuwa la kadi ya michoro, mchezo ungepata mbio mara moja, maana kazi ya kuchora imepunguzwa sana. Haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo ile kadi mpya ambayo watu walikuwa wakiichangia isingesaidia kitu. (Tumepata pia kuona mahali pengine kadi nzuri ikilaumiwa bure, kumbe waya wa skrini ulichomekwa kwenye tundu la ubao mkuu badala ya tundu la kadi yenyewe.)

Jioni ya pili ilikuwa ya kipelelezi hasa. Mchezo ulikuwa umefungwa, hakuna aliyegusa kibodi, lakini feni zilinguruma kama kwamba vita vinapiganwa ndani. Koplo alifungua Task Manager ili amwone anayetumia prosesa. Papo hapo feni zikatulia, na hesabu zote zikaonyesha utulivu. Akalifunga dirisha, akangoja. Baada ya dakika chache ngurumo ikarudi. Alirudia mara tatu, ikawa vivyo hivyo mara tatu. Ilikuwa dhahiri kwamba mlikuwa na programu iliyojificha kila ilipohisi inatazamwa, kama mwizi aliyekariri saa za doria. Zaidi ya hayo, kinga ya virusi ilikuwa imezimwa, na hapakuwa na mtu aliyekiri kuizima.

Ulipoulizwa mchezo mwingine uliokuwamo ulitoka wapi, kijana mmoja alikiri kwamba aliuleta kwa flashi kutoka sokoni, bila malipo. Hapo mambo yakaanza kueleweka. Mwezi Juni mwaka 2021 kampuni ya Avast ilitangaza habari za programu haramu waliyoiita Crackonosh, iliyokuwa imefichwa ndani ya nakala za wizi za michezo mashuhuri, kama vile Grand Theft Auto V na NBA 2K19. Ilizima kinga za kompyuta, kisha ikautumia mtambo wa mwenyewe kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero kwa faida ya wahalifu. Kompyuta zaidi ya 222,000 duniani ziliambukizwa, na wahalifu walijipatia zaidi ya dola milioni 2. Hatusemi kwamba ya kantini ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, lakini ilikuwa ya ukoo huo: koplo alipoiwasha kompyuta kwa flashi safi yenye programu ya kukagua virusi, mchimbaji alipatikana amejificha.

Jambo hili lilimshtua afande kuliko sisi, na kwa haki, kwa kuwa kompyuta hiyo hiyo ilitumika mchana kuandikia hesabu za kantini na orodha ya zamu. Mtu anayeweza kuzima kinga ya kompyuta anaweza pia kusoma yaliyomo. Amri ilitolewa: hati zihifadhiwe pembeni na kukaguliwa, diski ifutwe yote, Windows iwekwe upya, na maneno yote ya siri yabadilishwe kutoka kompyuta nyingine. Orodha za zamu zikahamishiwa mahali pengine.

Hata hivyo si kila programu iendayo chinichini ni mhalifu. Nyingi ni watumishi halali waliochagua saa mbaya: Windows inayojisasisha, kinga ya virusi inayokagua diski, au kivinjari kilichoachwa wazi chenye kurasa 30. Hao hufungwa au hupangiwa saa nyingine, tuseme usiku wa manane. Lakini usiizime kinga ili upate picha chache zaidi kwa sekunde, wala usiisimamishe programu usiyoijua kazi yake, maana nyingine ndizo nguzo za mtambo. Na zile programu zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza kasi maradufu tunazitilia shaka kubwa. Nyingi hugeuka kuwa mzigo wa ziada.

Tuliporudi kambini humo baada ya mwezi, mchanga uliokwisha kukusanywa ulikuwa umerudishwa kwa wenyewe, kila mmoja akitia sahihi mbele ya jina lake. Brashi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari karibu na kompyuta, chini ya karatasi yenye tarehe za kusafisha. Ufunguo wa kantini bado unashikwa na sajini yule yule, na jioni hiyo alikuwa golini, akifungwa magoli manne na kikosi cha uchukuzi.