Mgongo Mweusi Haumfanyi Mbwa Kuwa Jemani

Naulizwa sokoni Majengo hapa Dodoma, naulizwa kwenye kituo cha daladala, naulizwa kliniki na mtu aliyekuja kununua dawa ya kupe wa mbuzi wake: "Dokta, yule mbwa pale si Jemani Shepadi yule?" Nikigeuka naona mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, mgongo umekolea weusi, masikio yamesimama. Nikisema siyo, nabishiwa. Nikisema kwa kumtazama siwezi kujua, muulizaji anaondoka akiamini kuna jambo namficha. Na mwenye mbwa naye hana raha: kila anayepita na mbwa wake Area D au Kisasa anasimamishwa na mtu asiyemjua, mmoja anamwambia huyo ni mbwa wa polisi, wa pili anasema ni chotara wa mbwa mwitu, wa tatu anauliza bei ya watoto wake.

Jibu langu ni moja, na leo naliandika ili lisomwe na wote. Kwa macho matupu, hakuna mtu anayeweza kukuambia mbwa wa mtaani ametokana na mbegu gani. Hawezi mfugaji wa Chamwino aliyezaliwa na kukulia kati ya mbwa, hawezi kijana anayeuza watoto wa mbwa kando ya barabara, na siwezi mimi niliyesomea tiba ya mifugo.

Tuanze na huo mgongo mweusi, maana ndio unaowapoteza watu wengi. Rangi ya mbwa hupangwa na jeni chache sana. Mojawapo, ambayo wataalamu huiita ASIP, ndiyo inayoamua ni sehemu zipi za mwili zitaota manyoya meusi na zipi zitabaki za kahawia. Tandiko jeusi juu ya mwili wa kahawia lipo kwa Jemani Shepadi, lipo kwa Beagle na lipo kwa Airedale, mbwa ambao hawafanani kwa umbo, kimo wala kazi. Tena, wengi wa mbwa ninaoonyeshwa hawana hata hilo tandiko. Wana manyoya ya kahawia yenye ncha nyeusi, ambazo zikisongamana mgongoni huonekana kwa mbali kama koti jeusi. Huo ni mpangilio mwingine kabisa, na mbwa wa kienyeji anaweza kuwa nao bila kuwa na babu hata mmoja wa kigeni.

Mbwa ana jeni zinazokaribia 20,000. Anayemwita mbwa Jemani kwa sababu ya mgongo amesoma jeni moja au mbili, kisha akajijazia zile elfu nyingi zilizobaki kwa kukisia. Hata ukubwa wa mwili, ambao watu huuamini sana, kwa sehemu kubwa hubebwa na jeni chache: mwaka 2007 ilibainika kwamba jeni moja tu, IGF1, ina mchango mkubwa katika kumfanya mbwa awe mdogo. Urefu wa manyoya, mnyooko wake na ndevu za mdomoni ni kazi ya jeni tatu kuu, na hilo lilichapishwa mwaka 2009. Sura ya mbwa hubadilika kwa mambo machache, wakati nasaba yake ni mambo mengi mno.

Masikio je? Kusimama kwa masikio ndiyo hali ya asili ya jamii nzima ya mbwa. Bweha masikio yake yamesimama, na mbwa mwitu wa Ruaha vilevile. Masikio yaliyolala ndiyo yaliyoenea kwa sababu binadamu alichagua mbwa wa namna hiyo. Kwa hiyo sikio lililosimama halithibitishi Ujerumani. Linathibitisha tu kwamba huyu ni mbwa.

Kuna hoja ninayoletewa na wazee kwa heshima zote, nami naijibu kwa heshima ileile: kwamba mbwa wa huku wana damu ya mbwa walioletwa na Wajerumani wakati wa ujenzi wa reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Jemani Shepadi kama mbegu yenye kitabu cha nasaba ilianza mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomwandikisha mbwa wa kwanza, Horand von Grafrath. Tuseme basi mbwa mmoja wa namna hiyo alishuka kwenye treni hapa na akapanda jike la Kigogo. Mbwa huzaa akiwa na mwaka mmoja au miwili, na tangu 1910 vizazi vimepita makumi. Katika kizazi cha kumi tu, kila mbwa ana nafasi 1,024 za mababu. Mjerumani mmoja kati ya hao amechangia chini ya sehemu moja kwa elfu. Jeni ya rangi inaweza kubahatika kupenya vizazi vyote hivyo, lakini mbwa mwenyewe, na tabia zake zote, alishapotea zamani.

Anayedai jicho lake ni la kitaalamu asikilize ya Florida. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mbwa 120 katika vituo vinne vya kutunzia mbwa waliotelekezwa. Watu 16 waliokuwa wakifanya kazi hiyo kila siku, wakiwemo madaktari wa mifugo wanne, walitakiwa kutaja mbegu ya kila mbwa, kisha vinasaba vikapimwa. Mbwa waliotajwa kuwa na damu ya Pitbuli walikuwa 62. Vipimo viliikuta damu hiyo kwa mbwa 25. Hao ni wataalamu, wako kazini, mbwa amesimama mbele yao. Wewe unayemwona mbwa akikatiza barabara ya Nzuguni jioni unapata wapi uhakika?

Na hata mchanganyiko wa kizazi kimoja humdanganya mtazamaji. Katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, John Paul Scott na John Fuller waliwapandisha Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, na Cocker Spaniel, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Wajukuu wa mbwa hao walitoka wa sura nyingi, na wapo ambao ukiwatazama huwezi kuwataja babu wala bibi zao. Hapo nasaba yote ilikuwa imeandikwa kitabuni. Mtaani hakuna kitabu.

Kuhusu chotara wa mbwa mwitu, nitasema kwa kifupi. Mbwa mwitu wetu mwenye mabaka ni jenasi nyingine kabisa, na hajulikani kuzaa na mbwa wa nyumbani. Mtazame miguu ya mbele: mbwa mwitu ana vidole vinne, mbwa wa nyumbani ana vitano, kile cha tano kikiwa juu kidogo upande wa ndani. Mbwa wako wa mabaka kutoka Manyoni ni mbwa wa mabaka, basi.

Kinachonikera ni dharau iliyojificha ndani ya swali lenyewe. Muulizaji hawezi kuamini kwamba mbwa mzuri, mwenye afya, aliyesimama imara, anaweza kuwa wa kienyeji tu. Lazima atafutiwe babu wa Ulaya. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walikuta mbwa wa vijijini wa Afrika wana asili yao wenyewe, na mchanganyiko wa damu ya kigeni hutofautiana kati ya mahali na mahali. Mbwa wa kienyeji hakutokana na mbegu ya kigeni iliyoharibika. Ni mbwa wa nchi hii, ameishi na ukame wa nyanda hizi za kati, na kwa ulinzi wa boma na kuongozana na mifugo hajawahi kuhitaji cheti.

Wakazi wa mkoa huu ndio wangepaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Ng'ombe aina ya Mpwapwa alitengenezwa hapahapa, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, kwa kuchanganya zebu wetu na Sahiwal, Red Sindhi, Boran na Ayrshire. Anaitwa mbegu kwa sababu watu waliandika fahali gani alipanda ng'ombe gani, ndama gani alizaliwa na alikua vipi, kwa miongo mingi. Mbegu ni kumbukumbu. Pasipo kumbukumbu unabaki na mnyama mzuri au mbaya, lakini huna mbegu.

Kosa hili la kutaja mbegu kwa macho lina gharama. Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba za uzio zimeongezeka Iyumbu, Ihumwa na Miyuji, na kila mwenye nyumba anataka mlinzi wa miguu minne. Mnunuzi anauziwa mtoto wa wiki sita ndani ya boksi kwa bei ya Jemani, kwa sababu ya weusi. Naomba ijulikane: mtoto wa mbwa mwenye tandiko huzaliwa na weusi mwingi, kisha weusi hupungua kadiri anavyokua. Rangi unayoilipia leo si atakayokuwa nayo akifika mwaka. Mbwa akikua "bila kufanana", mateso yanaanza. Anakatwa masikio kwa wembe ili yasimame. Anarundikiwa madini ya chokaa, wakati mtoto wa mbwa mkubwa akizidishiwa chokaa mifupa yake huharibika. Analishwa pilipili na bangi ili awe mkali kama Jemani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadili nasaba. Pilipili inaunguza tumbo, bangi ni sumu kwake, na jeraha la wembe linaoza. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ukatili ni kosa.

Wanaodhani jina la mbegu ndilo linalotabiri tabia nao wamekosea. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 na kukusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000. Mbegu ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kinachobaki kinatokana na mengine, yakiwemo malezi, mazingira na mbwa mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni hii. Watu wanamkimbia "Jemani" aliyefungwa mnyororo na aliyechanjwa, halafu mtoto akiumwa na "koko" mdogo wanampaka majivu na kumlaza. Kichaa cha mbwa hakichagui mbegu. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote hukipata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Sasa ya kufanya. Unataka mbegu yenye uhakika? Dai karatasi za nasaba za wazazi wote wawili, kama zile zinazotolewa na East Africa Kennel Club ya Nairobi, na umwone mama wa mtoto kwa macho yako. Karatasi hazipo? Lipa bei ya mbwa wa kawaida. Una hamu tu ya kujua? Vipimo vya vinasaba vya ute wa shavu vinauzwa nje ya nchi, ila kampuni nyingi hulinganisha na mbegu za Ulaya na Marekani, hivyo usishangae majibu ya ajabu kwa mbwa wa Bahi. Unataka mlinzi? Chagua mtoto mchangamfu asiye mwoga, mtoto wa mama mtulivu, kisha mfundishe. Unajaza kadi ya chanjo? Andika "kienyeji" au "haijulikani", weka rangi, jinsia na alama za mwili. Usimchome ivamektini ya ng'ombe kwa kukadiria: Collie wengi na baadhi ya Jemani Shepadi wana hitilafu ya jeni ya MDR1 inayoifanya dawa hiyo iwadhuru kwa dozi ambayo mbwa wengine huivumilia, na hitilafu hiyo haionekani kwenye mgongo. Mpime uzito, umlete kwa daktari aliyesajiliwa.

Na wewe mpita njia, ukikutana na mtu na mbwa wake, acha kumtajia mbegu. Muulize kama mbwa amechanjwa, na usimguse bila ruhusa. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, awe mbwa wa bei gani au rangi gani. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wetu, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kuenea. Asilimia hiyo haitatokana na Jemani wachache walio nyuma ya kuta za Iyumbu. Itatokana na mbwa wa kienyeji wa Bahi, Kongwa, Chemba na Chamwino. Waleteni wachanjwe.