Ada ya maziko ya gari kuukuu haivuki bahari

MKENYA anaponunua Pajero au Delica iliyotumika kutoka Japan, aghalabu huulizia bei, mwaka na kilomita. Nadra aulize kuhusu fedha ambazo tayari zimelipwa kwa ajili ya kulivunja gari hilo litakapochakaa.

Sheria ya Japan ya kuchakata magari, iliyopitishwa 2002 na kuanza kutumika Januari 2005, humtaka mwenye gari alipe ada hiyo mapema, anaponunua gari jipya. Kwa gari dogo la kawaida huwa takriban yen 10,000. Shirika maalumu huzihifadhi fedha hizo hadi siku ya kulivunja.

Ada hulipia vitu vitatu ambavyo mnunuzi wa vyuma hana haja navyo: gesi ya kipoza-hewa, mifuko ya hewa inayomkinga dereva, na vumbi la plastiki, sponji na vitambaa linalosalia bodi ikisagwa. Vumbi hilo ndilo lililozua kashfa katika kisiwa cha Teshima, ambako lilitupwa kiharamu kwa miaka mingi. Kuliondoa kulikamilika 2017 tu.

Utaratibu wenyewe ni mkali. Mwenye gari hulikabidhi kwa mkusanyaji aliyesajiliwa. Gesi hunyonywa, mifuko hutolewa, kisha bodi husagwa, na kila hatua huripotiwa kwa kompyuta. Akishaarifiwa kuwa limevunjwa, ana siku 15 za kuomba usajili ufutwe daima. Magari ya kitalii yenye vitanda na jiko ndani yamo katika sheria hiyo. Trela za kuvutwa hazimo, japo nazo huwa na sponji na plastiki tele.

Hapa ndipo penye mushkili. Gari likiuzwa nje ya Japan, mwenye gari wa wakati huo, ambaye kwa kawaida ni kampuni inayolisafirisha, ana haki ya kurudishiwa ada. Hivyo gari hutia nanga Mombasa likiwa na vioo, redio na magurudumu yake, lakini bila senti ya maziko.

Kenya hukataa gari lililotumika likizidi umri wa miaka minane. Kanuni hiyo hulichuja gari bandarini. Haisemi lolote kuhusu siku litakapokufa, pengine miaka ishirini baadaye, katika gereji ya jua kali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 nayo hushughulikia zaidi leseni za wafanyabiashara na kuzuia wizi wa vyuma, wala si gesi inayoachiwa hewani bomba likikatwa.

Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 ilileta msimamo mpya: anayeingiza bidhaa nchini awajibikie pia mwisho wake. Kwa magari, maana yake ni kwamba mwagizaji aweza kudaiwa gharama ambayo muuzaji wa Japan amekwisha kurudishiwa. Kabla ya kutuma pesa, basi, si vibaya mnunuzi kumuuliza muuzaji iwapo ada hiyo imepunguzwa kwenye bei.