Tabora: Njia ya wapagazi inayoishi ndani ya msitu wa miombo

NJIA ya kati ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa takriban kilometa 1,200. Mahali palipo leo na Manispaa ya Tabora, iligawanyika. Tawi moja lilikwenda moja kwa moja hadi Ujiji, la pili lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na la tatu likashuka kusini magharibi kuelekea Ufipa na Katanga.

Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kwa UNESCO ili yawe Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Hata hivyo, kuingia katika orodha hiyo si sawa na kutangazwa kuwa Urithi wa Dunia, wala hakuleti ulinzi kwa kukaa tu. Nchi husika ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba kitu inachokipendekeza bado kipo, kinatambulika na kinatunzwa.

Kwa upande wa Tabora, swali hilo lina uzito wa pekee. Majengo ya enzi za misafara yaliyosalia ni machache mno. Kilichobaki kwa wingi ni miembe mikongwe, njia za miguu na msitu wa miombo. Vyote vitatu ni rahisi kupotea bila mtu kugundua kwamba historia imepotea navyo.

Kaze, Kwihara na Unyanyembe

Tabora ilikuwa ndani ya utemi wa Unyanyembe wa Wanyamwezi. Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi kutoka Zanzibar walikuwa wamekwisha kujenga makazi yao mahali palipoitwa Kaze. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857, na ni kutoka hapo Speke alipokwenda kaskazini mwaka uliofuata hadi akaliona ziwa ambalo baadaye alilipa jina la Malkia Victoria.

Jina la Tabora lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula ambacho ni chepesi kubeba na hakiozi njiani. Simulizi hiyo inaupa mji jina la chakula cha msafiri.

Kwihara iko kilometa chache kusini magharibi mwa mji, mwendo usiozidi saa mbili kwa miguu. Hapo ndipo lilipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo David Livingstone na Henry Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi ambao mwenzake aliahidi kumtumia. Walipofika, zaidi ya hamsini, alianza safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya katika karne ya 20 kwa mfano wa lile la awali, na linatumika kama makumbusho. Wageni wengi hufika kwa gari, hutazama vyumba, hupiga picha na kuondoka. Kwa namna hiyo wanaiona nyumba lakini hawaioni njia.

Msitu nao ni historia

Wasomaji wa mijini wamezoea kufikiri kwamba historia ni ya majengo na msitu ni wa wanyama. Tabora inapinga mgawanyo huo.

Mashariki mwa Unyanyembe, kati ya Ugogo na kijiji cha Tura, wapagazi walilazimika kuvuka pori lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Lilikuwa pori la siku nyingi za mwendo, lenye maji ya kubahatisha na vijiji vichache. Aliyeugua humo aliachwa nyuma, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake. Miaka michache baadaye wasafiri waliandika kwamba Wakimbu walikuwa wamefyeka sehemu za pori hilo na kufungua mashamba, wakiwauzia chakula watu wa misafara.

Kwa maneno mengine, msitu wa miombo haukuwa ukuta wa kijani uliosimama vilevile tangu enzi. Ulifyekwa biashara ilipostawi. Ulirudi vita vilipowafukuza watu, kama vile vita kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871. Katika enzi ya ukoloni wa Kiingereza, serikali iliwahamisha watu wa magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa kuogopa ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori.

Ndiyo maana mwenye macho makini huweza kukuta mwembe mkubwa katikati ya miti ya asili. Mwembe si mti wa miombo. Uliletwa na binadamu. Inasimuliwa kwamba miembe iliyopangana kando ya njia ilitokana na kokwa zilizotupwa au kupandwa na watu wa misafara. Iwe ilipandwa kwa makusudi au la, mwembe porini ni dalili kwamba hapo palikuwa na watu.

Miti mingine ina habari zake. Mtundu, mninga na mkurungu ni miti ambayo mafundi wa Tabora wanaijua kwa kazi zake. Magome ya baadhi ya miti ya miombo yamekuwa yakichunwa kutengenezea mizinga ya nyuki, kamba na vyombo vya kuhifadhia nafaka. Asali na nta za ukanda huu zina sifa ya muda mrefu, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora kwa sababu hiyo.

Waliobeba mizigo

Jambo ambalo hueleweka vibaya ni hadhi ya wapagazi. Wengi hudhani kila aliyebeba pembe ya ndovu alikuwa mtumwa. Ukweli ni kwamba katika njia ya kati kulikuwa na makundi mawili yaliyopita katika vumbi lile lile.

Kundi la kwanza ni watumwa, watu walionunuliwa au kutekwa bara na kupelekwa pwani, au kubakizwa kulima mashamba ya matajiri wa Unyanyembe. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu.

Kundi la pili ni wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana malipo kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 30. Walitembea wakiongozwa na kirangozi, walianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Wengi walipanga safari zao wakati wa kiangazi ili warudi kulima mvua zinapoanza. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, waliopita katika njia hiyo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Walijua kudai haki zao. Wasafiri wengi wa Ulaya wameandika kwa hasira juu ya migomo yao.

Kwihara ndipo palipotokea kisa kinachoonyesha uzito wa watu hao. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, watu wake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma waliukausha mwili, wakauweka ndani ya gome la mti lililochunwa kwa umbo la mzinga, na kuanza kuubeba kwenda pwani.

Walipofika Unyanyembe Oktoba mwaka huo walimkuta Luteni Verney Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele zaidi, kwa kuogopa kuzuiwa na wenyeji, waliufunga mwili ufanane na robota la nguo, wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua na kujifanya wanairudisha Unyanyembe kuzikwa. Mwili ulifika pwani Februari 1874 na kuzikwa London Aprili mwaka huo.

Uamuzi wa Kwihara haukuwa wa mzungu. Ulikuwa wa wapagazi na viongozi wao. Hata hivyo, nyumba ya makumbusho inajulikana kwa jina la Livingstone.

Kwa nini mzunguko

Njia ya misafara ilikuwa ya kwenda na kurudi, haikuwa ya kuzunguka. Lakini kwa mtembeaji wa leo, mzunguko una faida zilizo wazi. Anarudi alikoanzia siku hiyo hiyo bila kuhitaji gari la kumfuata, haoni kitu kile kile mara mbili, na vijiji vingi zaidi hupata nafasi ya kumuuzia chakula na huduma ya kuongozwa.

Mzunguko wa Tabora unaweza kupangwa hivi. Mtembeaji huanzia kituo cha reli. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyomaliza kazi ya upagazi wa masafa marefu. Kutoka hapo hupita Boma la Wajerumani, ukumbusho wa utawala ulioingia baada ya Mtemi Isike kushindwa Januari 1893 na kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake ili asikamatwe.

Kisha njia hushika kusini magharibi hadi Kwihara. Wakati wa kurudi hupitia upande wa Itetemia, yalikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, ukoo wa kina Fundikira. Miongoni mwao ni Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru.

Majira yanayofaa ni Juni hadi Oktoba. Mwishoni mwa kiangazi miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua kunyesha, jambo linalomshangaza kila anayeliona kwa mara ya kwanza. Mtembeaji anahitaji maji ya kutosha, mwenyeji wa kumwongoza, na ruhusa ya serikali za vijiji anapopita.

Mifano ya nje ipo. Njia za mahujaji za Santiago nchini Hispania na za milima ya Kii nchini Japani zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1993 na 2004, na wanavijiji wa huko hupata riziki kwa kuwalisha na kuwalaza watembeaji. Nchini Benin, njia ya watumwa ya Ouidah hutembewa kwa miguu hadi ufukweni. Karibu zaidi, misitu ya kaya za Wamijikenda nchini Kenya ilitambuliwa mwaka 2008, ikithibitisha kwamba msitu wenyewe unaweza kuwa kumbukumbu.

Kinachotishia

Tishio kubwa si kukosa watalii. Ni kuni. Tumbaku ilishika kasi Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuvunjika mwaka 1951, na imekuwa zao kuu la biashara mkoani. Aina ya tumbaku inayolimwa hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto huo hulishwa na miti ya miombo. Mkaa wa mijini huongeza mahitaji hayo, na mashamba mapya humaliza kilichobaki. Hata mizinga ya magome huua mti uliochunwa kuuzunguka.

Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kukata mti unaomlipia ada ya shule ya mtoto wake. Anachohitaji ni mti uliosimama umlipe pia. Asali, uyoga wa masika na miguu ya wageni ni malipo ya aina hiyo, ingawa hakuna kati yake kinachoweza peke yake kushindana na bei ya tumbaku.

Kisheria, nyenzo zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda tembe na vilivyomo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuweka sheria ndogo na kunufaika na mapato yake. Pengo liko katikati: njia ya miguu inayounganisha jengo na msitu, pamoja na miembe iliyo kando yake, ni rahisi kuachwa nje ya sheria zote mbili.

Kuipima njia hiyo, kuihesabu miembe na kuwahoji wazee wanaojua zilikokuwa kambi ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Halmashauri, vijiji, shule na vyuo vya Tabora vinaweza kuianza. Tembe likibomoka linaweza kujengwa tena, kama ilivyokwisha kufanyika. Mwembe wa zaidi ya karne ukikatwa kwa ajili ya mkaa, alama ya kambi iliyokuwa chini yake huondoka nao.