Sifuri ya Ikweta: Kuunda Aina Mpya ya Data kwa Kompyuta Nyingi

Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Yangambi, umbali wa kilomita 100 hivi magharibi mwa Kisangani, ina sampuli zipatazo 150,000, ambazo vibandiko vyake hueleza jina la kisayansi la mmea, mahali ulipochumwa na mwaka. Vibandiko vya namna hiyo vinapoingizwa kwenye kompyuta na kuunganishwa na vya hifadhi nyingine duniani, kama ufanyavyo mtandao wa GBIF wenye makao yake Copenhagen, ambao rekodi zake zimepita bilioni 2, kompyuta moja haitoshi kuzichakata kwa muda unaofaa, hivyo kazi hugawanywa kwa kundi la kompyuta zilizounganishwa, liitwalo klasta.

Ili rekodi itoke kompyuta moja kwenda nyingine, lazima igeuzwe kuwa mfululizo wa baiti, kisha ijengwe upya inakofika. Hadoop, mfumo wa kuchakata data kwenye klasta ulioanzishwa mwaka 2006 na Doug Cutting na Mike Cafarella, una aina zake za data zilizo tayari kwa safari hiyo, kama vile maandishi na namba kamili ya baiti 4, lakini hakuna hata moja inayojua sampuli ya mmea ni nini. Wapo wanaounganisha sehemu zote za rekodi kuwa mstari mmoja wa maandishi uliotenganishwa kwa mkato, njia inayofaa mpaka litokee jina la mahali lenye mkato ndani yake. Lililo bora ni kuunda aina mpya inayofuata kanuni ya Writable, yenye maagizo mawili: write, linaloandika sehemu za rekodi moja baada ya nyingine, na readFields, linalozisoma kwa mpangilio uleule. Baiti hizo hazibebi majina ya sehemu. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kabla ya latitudo ukisomwa baada yake, namba zote mbili zitaharibika, na huenda programu isitoe onyo lolote.

Aina hiyo ikitumiwa kama ufunguo, yaani kigezo cha kukusanyia rekodi zinazofanana, huhitaji pia agizo la kulinganisha pamoja na hesabu ya hashi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoamua rekodi ipelekwe kompyuta ipi.

Suala zito zaidi ni taarifa inayokosekana. Vibandiko vingi vya zamani vina jina la mahali tu, pengine Stanleyville, jina la Kisangani hadi mwaka 1966, bila latitudo wala longitudo. Waandishi wengi wa programu hujaza sifuri palipo patupu, na hilo ni kosa popote, ila katika Tshopo, mkoa wa Kisangani na Yangambi, ni kosa lisilogundulika kwa urahisi, kwa kuwa ikweta hupita ndani ya mkoa wenyewe na kuikata reli ya kutoka Kisangani kwenda Ubundu. Huko latitudo ya sifuri ni mahali halisi panapoota miti, na kanuni ya kufuta kila sifuri ingefuta pia sampuli za kweli. Dawa yake ni kuweka mbele ya latitudo alama ya baiti moja inayosema kama thamani ipo au haipo, kisha baiti 8 za namba yenyewe ziandikwe pale tu inapokuwepo.

Hata hivyo alama hiyo peke yake haitoshi. Ili kuokoa muda na kumbukumbu, Hadoop hutumia chombo kilekile cha data kusomea rekodi moja baada ya nyingine, badala ya kuunda kipya kila mara. Kwa hiyo readFields ikikuta alama ya kukosekana na kuruka bila kufuta kilichokuwemo, sampuli isiyo na mahali itabaki na latitudo ya sampuli iliyoitangulia, na mti ambao mahali pake hapajulikani utachorwa kwenye ramani ya Tshopo kwa usahihi wote wa namba za desimali. Agizo la kusoma lianze basi kwa kufuta kila sehemu, ndipo lisome.